Kipokezi Kilichokosea Anwani

Rafiki yangu mmoja alipimwa damu mwezi uliopita akaambiwa kolesteroli, yaani mafuta kwenye damu, imezidi. Kosa lote akalitwika chipsi. Simtetei muuza chipsi, lakini wapo watu ambao hata wakila mchicha mtupu mafuta yao hayashuki vya kutosha.

Mwaka 1968, huko Marekani, madaktari vijana Michael Brown na Joseph Goldstein walikutana na ndugu wawili, watoto wadogo, wenye ugonjwa wa kurithi wa kolesteroli. Anayeurithi kwa baba na kwa mama pia, kolesteroli yake hupanda mara sita au zaidi, na moyo unaweza kumshtuka akiwa bado mtoto. Kufikia 1974, wakiwa Dallas, Texas, walikuwa wameonyesha kiini chake: kwenye utando wa seli kuna protini ziitwazo vipokezi, ambazo huyakamata mafuta hayo na kuyaingiza ndani. Wagonjwa wengi wa namna hii vipokezi vyao vilikosekana au havikushika.

Akatokea mgonjwa mmoja akawachanganya. Vipokezi anavyo, na vinashika barabara, ila mafuta hayaingii! Mwaka 1977 wao na mwenzao Richard Anderson walieleza walichokiona kwa hadubini ya elektroni. Kwa mtu mzima wa afya, vipokezi vingi hujikusanya katika vishimo vidogo vya utando, ambavyo vyote pamoja ni kama asilimia 2 tu ya uso wa seli. Hapo ndipo mlango. Vya mgonjwa yule vilikuwa vimetawanyika ovyo nje ya vishimo. (Vishimo vyenyewe walikwisha kuvieleza Roth na Porter mwaka 1964, katika mayai ya mbu. Naam, mbu.)

Jibu lilikuja mwaka 1986, wakati Brown na Goldstein wamekwisha kupewa Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Kipokezi ni mnyororo wa vipande 839. Kwa mgonjwa yule kipande cha 807, kilichopaswa kuwa tirosini, kilikuwa sisteini. Basi! Kipande hicho kimo kwenye mkia mfupi ulio ndani ya seli, na mkia huo ndio anwani. Ni barua iliyoandikwa vizuri, stempu ipo, ila tarakimu moja ya S.L.P. imekosewa.

Dawa zilizoanza kuuzwa mwaka 1987, jamii ya statini, hulifanya ini liongeze vipokezi. Aliyerithi kipokezi kizuri kwa mzazi mmoja husaidika sana. Asiye na kizuri hata kimoja husaidika kidogo.

Nilimwuliza rafiki yangu habari za wazee wake. Akanyamaza. Kisha akasema baba yake na ami yake wote walikufa ghafla kwa moyo, hakuna aliyefika miaka 50. Jumatatu anawapeleka watoto wake wapimwe.