Uzi: "Hakuna aliyefutwa kazi." Tulisome neno kibarua kabla ya kubishana kuhusu bandari

1. Siasa zikipamba moto huku Mombasa, mjadala wa bandari lazima urudi. Huyu anasema: "Hakuna hata mtu mmoja aliyefutwa kazi." Yule anajibu: "Maelfu wamepoteza riziki." Mnatukanana mpaka usiku wa manane. Leo sitaji mwanasiasa wala chama. Nasema hivi tu: mara nyingi wote wawili wanasema ukweli, na katikati ya kweli hizo mbili ndipo mfanyakazi anapopotelea.

2. Tuanze Mama Ngina, maana hapo ndipo bandari inapoonekana na kila mtu. Unakaa ukutani na mihogo yako na dafu, meli inaingia mlango wa Kilindini karibu kabisa nawe. Ina makontena yamepangwa kama matofali. Sasa jiulize: hiyo meli inamletea kazi nani? Miaka themanini iliyopita jibu lilikuwa tofauti kabisa.

3. Neno lenyewe kwanza. Kibarua ni barua ndogo. Huku pwani, tangu karne ya 19, mtu wa kukodiwa kwa siku alipewa kikaratasi cha kuonyesha amefanya kazi. Jina la karatasi likahamia kwa mtu. Siku ikiisha, karatasi imekwisha, na mkataba umekwisha. Kesho ni habari nyingine.

4. Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901. Miaka ya 1920 zikajengwa gati za maji marefu Kilindini. Mizigo ikaongezeka, lakini makuli wengi walibaki watu wa siku. Asubuhi mnajipanga, mnachaguliwa, wengine mnarudi nyumbani mikono mitupu. Tusidanganyane, wapo walioupenda mtindo huo: unafanya siku zako chache, unarudi shambani kwa minazi yako. Kibarua kilikuwa na uhuru wake. Ila siku meli haipo, hapakuwa na wa kumdai.

5. Mwaka 1939 migomo ikapasuka Mombasa. Ikaja ile kubwa zaidi: tarehe 13 Januari 1947, watu kama 15,000 waliweka kazi chini. Bandari, reli, mahoteli, hata watumishi wa majumbani. Siku 12 mji umesimama. Walikutana kila siku kwenye uwanja walioupa jina wenyewe: Kiwanja cha Maskini. Walidai mshahara wa kuweza kuishi mjini, pamoja na heshima.

6. Sehemu hii ndiyo wengi hawaisimulii. Baada ya migomo, serikali ya kikoloni iliongeza mishahara, lakini pia ilikuja na orodha. Miaka ya 1950 kuli alitakiwa awe ameandikishwa na afike kazini idadi fulani ya siku. Asiyefika, jina linatolewa. Polepole waliobaki kwenye orodha wakawa watu wa mshahara wa mwezi, wana chama cha wafanyakazi, wana sauti. Waliotolewa je? Hao hatukusikia "wamefutwa". Waliacha kuitwa tu.

7. Ishike hiyo: aliyeandikwa hufutwa, asiyeandikwa huacha kuitwa. Wa kwanza anaingia kwenye takwimu. Wa pili haingii popote.

8. Halafu kontena likaja. Aprili 1956 meli ya Ideal-X ilitoka Newark kwenda Houston na makontena 58. Ilionekana jambo dogo, lakini ilibadilisha bandari zote duniani. Kazi ya kutoa magunia ya kahawa, moja moja begani, ikachukuliwa na kreni na dereva wake. Makuli wa pwani ya magharibi ya Marekani waliliona mapema. Mwaka 1960 wakaafikiana na waajiri: mashine zije, lakini walioandikishwa kikamilifu wasiachishwe kazi, na sehemu ya faida iingie kwenye mfuko wa kuwastaafisha vizuri. Waliokuwa nje ya orodha kamili hawakupata ulinzi ule. Bahari nyingine, hadithi ile ile.

9. Turudi nyumbani. Treni ya abiria ya SGR ilianza katikati ya 2017, ya mizigo Januari 2018. Kisha yakaja maagizo kwamba makontena ya bara yapande reli moja kwa moja. Bandari yenyewe haikufungwa, kreni zilizidi kufanya kazi. Wanaosema "hakuna aliyefutwa" hapo ndipo wanaposhika. Lakini nje ya geti kulikuwa na mji mzima unaoishi kwa lori: madereva na utingo wao, mafundi, mawakala wa forodha, yadi za Changamwe na Miritini, mama wa chapati Mariakani, vyumba vya kulala Mtito Andei. Wangapi kati yao walikuwa na barua ya ajira?

10. Mwaka 2019 watu waliandamana mjini Jumatatu baada ya Jumatatu. Oktoba mwaka huo huo bustani mpya ya Mama Ngina ikafunguliwa, ikapendeza kweli. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua kwamba agizo la kulazimisha mizigo kupanda reli lilikiuka Katiba. Septemba 2022 serikali mpya ikaagiza huduma za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Kila upande wa siasa una kipande chake cha kujisifia hapo. Sawa. Lakini yadi iliyokwisha kufungwa haifunguki kwa hotuba.

11. Mimi nilikuwa karani wa kuhesabu makontena katika yadi mojawapo. Jina halina haja. Hakuna siku niliyoambiwa "kazi imekwisha". Siku sita kwa wiki zikawa nne, nne zikawa mbili. Ndugu zangu, kungoja kule ni kubaya kuliko barua yenyewe ya kuachishwa. Barua ukipewa unalia, unaamka, unatafuta. Ukingoja, huwezi kutafuta kazi nyingine kwa sababu huenda kesho ukaitwa. Huwezi kumwambia mwenye nyumba chochote cha uhakika. Unalala na simu mkononi.

12. Kilichonisaidia ni daftari. Mzee mmoja wa yadini, aliyewahi kuwa kuli, aliniambia: "Mwanangu, andika kila siku unayoingia, nani alikupangia, ulilipwa ngapi." Tulipofika kwa afisa wa kazi tukaulizwa swali moja tu: ushahidi uko wapi kwamba mlifanya kazi mfululizo? Nikatoa daftari na rekodi za M-Pesa. Hatukupata yote, tulipata sehemu. Wenzetu wasioandika hawakupata hata hiyo sehemu.

13. Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37: kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au anayefanya kazi isiyotarajiwa kwisha ndani ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa wa mshahara wa mwezi. Si hisani ya bosi, ni sheria.

14. Kifungu cha 40, kuhusu kupunguza wafanyakazi: chama chako cha wafanyakazi na afisa wa kazi wapewe ilani si chini ya mwezi mmoja kabla. Kama huna chama, uandikiwe wewe mwenyewe, na afisa wa kazi pia. Wanaochaguliwa kuondoka wachaguliwe kwa kuangalia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu, si sura. Likizo uliyobakiza ilipwe pesa. Na malipo ya kuachishwa yasiwe chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili uliofanya kazi.

15. Kwa hivyo mkisikia tena jukwaani "hatutafuta mtu", iwe ni habari ya reli, mashine mpya au mwekezaji wa gati, msipige makofi wala msizomee kwanza. Ulizeni matatu. Mnahesabu walioajiriwa tu, au na vibarua? Siku za kazi za vibarua zitabaki ngapi kwa mwezi? Na ahadi hiyo imeandikwa wapi, imetiwa sahihi na nani?

16. Na wewe unayesoma ukiwa umesikia fununu kazini kwako, usingoje fununu iwe kweli. Leo usiku tafuta daftari. Andika tarehe uliyoanza, siku ulizofanya, pesa ulizopokea. Piga picha kitambulisho chako cha kazi na hati za malipo, umtumie mtu unayemwamini. Jiunge na chama cha wafanyakazi kama kipo. Kibarua kilianza kama karatasi ya mwajiri. Safari hii karatasi iwe yako.