Sonona

Sonona ni ugonjwa wa akili unaomtia mtu huzuni nzito au kumwondolea hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi. Mgonjwa huamka usiku wa manane asipate tena usingizi, huacha chakula kikapoa mbele yake, hujilaumu kupita kiasi, na pengine hufikiria kujiua. Wengi hufika zahanati wakilalamikia kichwa, mgongo au uchovu, hivyo ugonjwa wenyewe hupita bila kutambuliwa. Si uvivu wala upungufu wa imani. Hutokana na mchanganyiko wa urithi, mabadiliko ya ubongo na misukosuko kama kufiwa, ukatili au kujifungua.

Hutibiwa kwa ushauri nasaha, dawa, au vyote viwili. Dawa kama amitriptilini na fluoksetini huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na kuziacha mapema ni kosa la kawaida. Mwaka 2002, katika vijiji vya Masaka na Rakai nchini Uganda, tiba ya mazungumzo ya vikundi, iliyoongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi, ilipunguza sana dalili ndani ya wiki 16.