Mwenzi wa Kuazima: Tarehe ya Kazi ya Tenisi ya Wawili

Kila gari la mizigo litokalo Mombasa kwa njia ya Nimule, likiisha kuzimaliza zile kilomita 192 za lami zilizofunguliwa mwaka 2012, sharti lifike Gumbo kabla ya kuvuka Bahr el Jebel na kuingia Juba. Na ndiyo sababu Kiswahili, ambacho si lugha ya Wabari wenye ardhi hiyo wala si lugha ya mji wa ng'ambo unaosema Kiarabu cha Juba, husikika kando ya barabara ile tangu alfajiri, madereva na utingo wao wakiulizana habari za ushuru, za magurudumu na za mipira. Katika watu wote wa barabara hiyo hakuna amfananaye mcheza tenisi ya wawili wa daraja ya chini kama yule utingo, ambaye sifa za safari ni za dereva, faida ni ya mwenye gari, na riziki yake mwenyewe yategemea kwamba mtu fulani amekubali kumchukua. Nimeuchagua mfano huu kwa makusudi, kwani tumezoea kusimuliwa tenisi kama habari za wafalme na malkia, ilhali walio wengi katika kazi hiyo ni vibarua wa safari.

Vijana wa Gumbo, kama wenzao wa Juba nzima, nyoyo zao ziko kwenye kandanda na mpira wa kikapu, hususan tangu timu ya Sudan Kusini ilipoifunga Puerto Rico kwa 90 dhidi ya 79 katika Michezo ya Olimpiki huko Ufaransa, tarehe 28 Julai 2024; basi anayetaka kusimulia habari za tenisi hana budi kuzitafuta kwa majirani. Ujirani wenyewe ni wa zamani. Upande huu huu wa mto, kaskazini ya Gumbo, ndiko iliko Gondokoro, ambako wasafiri Speke na Grant walimkuta mwenzao Samuel Baker mwezi wa Februari 1863. Na kutoka vituo vya Lado na Rejaf askari wa gavana Emin Pasha walirudi nyuma kuelekea kusini, hata mwaka 1891 Kapteni Lugard akawakuta masalio yao chini ya Selim Bey akawaingiza Uganda. Wajukuu wa askari hao ndio Wanubi wa Bombo na wa Kibera, ambao Kinubi chao mtu wa Juba akikisikia humtambua msemaji kuwa ni jamaa yake. Kwa Wanubi hao Nairobi, mji ambao habari zangu zitauendea, umefungamana na kingo hizi za mto tangu ungali mchanga.

Mchezo wenyewe uliletwa na watawala. Meja Wingfield alipata hati yake ya tenisi ya nyasi mwaka 1874, Wimbledon ikaanza mashindano mwaka 1877, na mwaka 1884 ndipo wanaume wawili wawili walipoanza kushindana katika uwanja huo, ndugu wawili William na Ernest Renshaw wakatwaa ubingwa. Reli ilipofika Nairobi, vilabu vilifuata nyuma yake: Nairobi Club mwaka 1901, Parklands mwaka 1906. Katika vilabu vya namna hiyo, ambavyo mlango wake ulipimwa kwa rangi ya mtu, mchezo wa wawili ndio uliopendwa zaidi nyakati za jioni, maana uliwaweka watu wanne katika kiwanja kimoja, ukawaruhusu wenye umri mkubwa kucheza bila kukimbia mno, na ukaacha nafasi ya mazungumzo. Mwafrika aliruhusiwa kuingia humo kuokota mipira, na wengi wa wachezaji wa Kiafrika wa vizazi vilivyofuata walijifunza kwanza kwa macho, mpira mkononi, wakingoja bwana aseme.

Atazamaye kiwanja chenyewe ataona kwamba daraja za watu zimechorwa humo kwa chokaa. Urefu ni mita 23.77, mistari ya ndani yafanya upana wa mita 8.23, nao ndio wa mchezaji mmoja mmoja. Mistari ya nje yafanya mita 10.97. Ule ujia wa kila upande, wa mita 1.37, ndio milki ya pekee ya mcheza wawili, kipande cha ardhi ambacho mpira wa bingwa wa mmoja mmoja ukianguka humo huhesabiwa kuwa umetoka nje.

Mwaka 1968 mashindano makubwa yalifunguliwa kwa wanaocheza kwa ujira. Mwaka 1972 wanaume wakaunda chama chao, ATP. Na chama hicho kikaanza kuwapanga wachezaji kwa hesabu ya kompyuta, mmoja mmoja mwaka 1973 na wawili mwaka 1976. Daftari hili la pili ndilo lililoifanya kazi ninayoieleza iwe kazi, na ndilo lililoifanya iwe ngumu kwa mtu wa kwetu. Kwani jozi huingia mashindanoni kwa kujumlisha nafasi za wawili: aliye wa 80 akishikana na aliye wa 90 huhesabiwa 170, na aliye wa 80 akishikana na ndugu yake wa nyumbani aliye wa 900 huhesabiwa 980, wakaachwa mlangoni. Mfaransa au Mmarekani hupata mwenzi wa nafasi iliyo karibu na yake katika nchi yake mwenyewe, pengine katika klabu yake mwenyewe. Mtu wa Afrika ya Mashariki, kadiri anavyopanda, ndivyo anavyozidi kuwaacha mbali wale waliomlea mchezoni, hata asibakiwe na mmoja wa kusimama naye. Naye sharti amwazime mwenzi kwa watu.

Wamarekani Arthur Ashe na Stan Smith walipita Kenya, Tanzania na Uganda katika safari yao ya mwaka 1970, wakafundisha watoto na kucheza mbele ya wakubwa wa serikali. Mwaka uliofuata Ashe akamwona huko Yaoundé, Kamerun, mtoto wa miaka 11, Yannick Noah, ambaye mwaka 1984 alitwaa ubingwa wa wawili wa Roland Garros pamoja na Henri Leconte, kisha mwaka 1986 akawa wa kwanza duniani katika wawili. Lakini Noah alichukuliwa Ufaransa angali mtoto, na mwenzi wake alikuwa Mfaransa. Habari yake si kipimo cha haki kwa waliobaki.

Kipimo cha haki ni Paul Wekesa, aliyezaliwa mwaka 1967, ambaye kwa maoni yangu hakupewa na Wakenya taadhima aliyostahili, labda kwa sababu nchi iliyojaa mabingwa wa mbio haikuona ajabu katika mtu ambaye jina lake lilitajwa sikuzote pamoja na jina la mgeni. Alisoma chuo cha Chapman huko California, kisha akaingia katika mzunguko wa wenye kucheza kwa ujira. Mwezi wa Oktoba 1988, Tel Aviv, alitwaa ubingwa wa wawili pamoja na Roger Smith wa Bahamas, ambaye miezi michache kabla yake alikuwa amemshangaza ulimwengu kwa kumshinda Ivan Lendl. Na mwaka 1989 akatwaa ubingwa wa Seoul pamoja na Scott Davis wa Marekani. Tazama majina hayo: Mkenya na Mbahama, Mkenya na Mmarekani. Roger Smith naye alitoka katika nchi ndogo isiyokuwa na wachezaji wengi wa kumpa mwenzi, na sidhani kwamba ni sadfa tupu kuwa wawili hao walikutana. Waliotoka mbali hujuana katika vyumba vya kubadilishia nguo, kama wageni wajuanavyo katika musafirkhana.

Mintarafu ya ujira, mambo ni madogo kuliko adhaniavyo mtazamaji wa televisheni. Katika mashindano ya daraja ya chini kabisa ya wanaume, yale yenye zawadi ya jumla ya dola 15,000, bingwa wa mmoja mmoja alikuwa akipokea dola 2,160, na mabingwa wa wawili dola 930, nazo zikigawanywa kati yao, kabla ya nauli, kabla ya chumba, kabla ya kodi na kabla ya fundi wa kukaza nyuzi za raketi. Huko juu tofauti ni ile ile kwa tarakimu kubwa zaidi: Wimbledon ya mwaka 2022 ilimlipa bingwa wa mmoja mmoja pauni 2,000,000, na jozi ya mabingwa pauni 540,000.

Hata hicho kidogo kilikaribia kuondolewa. Mwaka 2005 ATP ilitangaza azma ya kuufupisha mchezo wa wawili, kwa madai kwamba watazamaji hawaupendi na waandaaji wauona mzigo. Na fauka ya hayo ikapendekezwa kwamba baada ya muda nafasi karibu zote za wawili ziwe za wale walioingia pia katika mmoja mmoja, jambo ambalo lingewakata riziki wale ambao kazi yao nzima ni hiyo. Wachezaji wa wawili, wakiwemo mapacha Bob na Mike Bryan, walikwenda mahakamani Marekani. Baadaye pande mbili zikapatana, nafasi zikabaki, lakini mchezo ukafupishwa: sare ya arobaini kwa arobaini ikaamuliwa kwa pointi moja, na seti ya tatu ikageuzwa kuwa mbio za pointi kumi. Mimi si mpenzi wa mbio hizo, ambazo humpa bahati sehemu kubwa mno, ila si haki kuzilaumu bila kutaja kilichotokea mwezi wa Julai 2022.

Mwezi huo, Angella Okutoyi wa Nairobi, aliyelelewa na bibi yake, alicheza fainali ya wasichana wawili ya vijana huko Wimbledon, mwenzi wake akiwa Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, dhidi ya Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada. Na Mboko huyo, inafaa kukumbuka, ni binti wa wazazi waliotoka Kongo. Seti ya kwanza ikapotea 3 kwa 6, ya pili ikapatikana 6 kwa 4, na mbio za pointi kumi zikapita kumi zenyewe hata 11 kwa 9. Hivyo Mkenya wa kwanza kutwaa ubingwa wa vijana katika mojawapo ya mashindano manne makuu aliutwaa katika mchezo wa wawili, kwa sheria iliyotungwa ili kuupunguza mchezo wa wawili, akiwa na mwenzi wa kuazima.

Baada ya hapo Okutoyi alikwenda chuo cha Auburn, Alabama, kama vile Wekesa alivyokwenda California zaidi ya miaka 30 kabla yake. Watu wa nyumbani hulalamika kwamba vyuo vya Marekani vyawachukua vijana wetu. Lakini maadamu Nairobi, Kampala na Juba hazijaweza kutoa wachezaji wanane au kumi walio karibu kwa nafasi, chuo cha namna hiyo ndicho soko la wenzi, mahali ambapo kijana asiye na mtu wa kusimama naye hupangiwa mtu kila wiki bila kuomba, na nauli ya safari hulipwa na chuo.