Aliyeuguza Ndiye Aliyetangulia

Jumamosi ya tarehe 14 Mei 2022, Bi Ruth Whitfield, mwenye umri wa miaka 86, alitoka kumtazama mumewe katika makao ya kulelea wazee mjini Buffalo, jimbo la New York. Njiani alipitia duka la Tops, katika barabara ya Jefferson, kununua chakula. Hakufika nyumbani. Kijana mzungu wa miaka 18, aliyesafiri kwa gari zaidi ya saa tatu akiwawinda watu weusi, aliwaua watu 10 mahali hapo. Bi Whitfield ndiye aliyewazidi wote kwa umri.

Mtaa wa Riverside, kaskazini-magharibi ya Buffalo, unautazama mto Niagara. Duka la Tops liko upande mwingine wa mji, mashariki, wanakoishi Wamarekani weusi wengi. Huko, barabara kuu ya Kensington iliyojengwa katika miaka ya 1960 iliipasua mitaa yao vipande viwili. Wakazi walipigania kupata duka kubwa la chakula kwa miaka mingi, na lilipofunguliwa mwaka 2003 likawa njia ya kila mtu. Muuaji alilijua hilo; alikuwa amekwenda kulipeleleza mwezi Machi.

Kwa miaka minane, karibu kila siku, Bi Whitfield alikwenda kumhudumia mumewe. Waswahili wangesema alikuwa akiuguza: kazi isiyo na mshahara wala likizo, ambayo hata palipo na wauguzi wa kuajiriwa haina mbadala. Katika nyumba yenye mgonjwa macho yote humwelekea yeye. Ni nadra mtu kuuliza itakuwaje iwapo anayeuguza atatangulia. Siku mbili baada ya mauaji, watoto wake walisimama mbele ya waandishi wa habari na swali hilo hilo: watamwambiaje baba yao kwamba mtu aliyemweka hai hayupo tena?

Elimu ya msiba wa ghafla ina historia yake Marekani. Mwaka 1942 moto uliteketeza ukumbi wa starehe wa Cocoanut Grove mjini Boston na kuua watu 492. Daktari wa magonjwa ya akili Erich Lindemann aliwachunguza waliofiwa, na mwaka 1944 akachapisha utafiti uliohusu watu 101. Aliwakuta wakijilaumu, wakihangaika huku na huko bila kumaliza jambo, kwa kuwa shughuli zao za kila siku zilifungamana na marehemu. Alitaja pia huzuni inayomtangulia marehemu, ambayo humwandaa mtu kabla ya kifo. Nyumba ya wazee huizoea sana huzuni hiyo. Lakini ni nani aliyejiandaa kumlilia mgeni wa kila siku, aliyekuja kwa miguu yake?

Mwanawe, Garnell Whitfield, aliyewahi kuwa mkuu wa kikosi cha zimamoto cha Buffalo, hakulia faraghani tu. Tarehe 7 Juni 2022 alifika mbele ya kamati ya sheria ya Baraza la Senate na kuwauliza wajumbe watafanya nini. Wasiotaka kutenda, alisema, wawapishe wengine. Muuaji alihukumiwa kifungo cha maisha Februari 2023.

Duka lilifunguliwa tena Julai 2022, miezi miwili baada ya mauaji. Baadhi ya wakazi walirudi, kwani chakula kilihitajika. Wengine walisema hawataingia humo tena.