Chubwi za Ami

Risasi ya kwanza niliyoishika haikuwa ya bunduki. Ilikuwa ya betri. Ami, mvuvi wa Kilindoni, alikuwa akikusanya betri chakavu za magari na za sola, anazipasua kwa shoka uani, anamwaga tindikali shinani mwa mnazi, kisha anayeyusha vile vibamba vya ndani kwenye sufuria kuukuu. Risasi ikiyeyuka aliimimina kwenye kalibu ya mchanga, nayo ikipoa inakuwa chubwi za kuzamishia nyavu. Nilikuwa darasa la nne, kazi yangu kupepea moto. Jioni Ami alimpakata mwanawe akiwa na shati lile lile.

Hakuna aliyeogopa. Risasi ya bunduki tuliijua kuwa inaua papo hapo. Hii ya chubwi tuliiona ni riziki.

Miaka mingi baadaye, nikisoma shahada ya uzamili ya historia Dar es Salaam, nilikutana na habari za Owino Uhuru, mtaa wa mabanda mjini Mombasa. Mwaka 2007 kilifunguliwa kando yake kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa hapo, kazi ya ofisini. Hakuyeyusha chochote. Lakini mwanawe mchanga akaugua, malaria na homa ya matumbo zikatafutwa zisionekane, hadi damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi. Omido akaacha kazi, akasimamia watoto wengine wapimwe, akaandamana, akakamatwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofunguliwa alikuwa keshafika miaka 17.

Wanafunzi wa historia tunafundishwa kutafuta nyaraka. Omido aliacha nyaraka kwa sababu alipigania zipatikane. Wapasua betri wa uani hawaachi hata daftari. Kilichobaki kwao kiko mwilini: mwili huipokea risasi kana kwamba ni kalisi, ukaihifadhi mifupani kwa miongo. Mwanamke akipata mimba, mifupa hutoa sehemu ya akiba hiyo, nayo humfikia mtoto tumboni. Kipimo cha damu huonyesha zaidi yaliyoingia karibuni. Ya zamani hubaki mifupani, ambako wachache sana huwahi kupimwa.

Likizo iliyopita nilimkuta Ami barazani akishona nyavu. Siku hizi hapasui tena. Wanunuzi wa chakavu huzichukua betri kwa kilo, zikavushwa bara, na huko yupo mtu mwingine mwenye shoka. Nyavu zake bado zina chubwi tulizozimimina pamoja.

Nikamsimulia yote: Mombasa, mifupa, lile shati. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

“Mimi mzee, mwanangu,” akasema. “Na wewe uliyekuwa ukipepea, umeshapima?”

Sijapima. Mwezi ujao nafunga ndoa, na mchumba wangu bado sijamwambia.