Kitambaa Kilichobebeshwa Vifo

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kijana mwenye fedha katika vijiji vya Buhaya, mkoani Kagera, alijulikana kwa nguo. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimeacha maduka matupu. Sukari, sabuni na chumvi vilipatikana kwa foleni au kwa kujuana, na malipo ya kahawa yalichelewa. Wenye ujasiri wakageukia magendo. Kahawa ilisafirishwa usiku kwa mitumbwi kuvuka Ziwa Viktoria, au ikapitishwa njia za panya karibu na Mutukula, na waliotoka Uganda walirudi na redio, baiskeli na vitambaa vya kupendeza. Kimoja kati ya vitambaa hivyo kiliitwa Juliana. Muda si mrefu waliokiuza na waliokivaa walianza kuhara, kukohoa na kukonda, na kaburi la kwanza likafuatwa na la pili. Watu wakaupa ugonjwa jina la kitambaa: fulani ana Juliana.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa Kagera walitambuliwa kuwa na ukimwi, wa kwanza kuripotiwa nchini Tanzania. Hospitali inayotajwa katika historia hiyo ni Ndolage, ya Kanisa la Kilutheri, katika nchi ya juu ya Kamachumu. Leo eneo hilo liko Wilaya ya Muleba. Janga lililokuja kuitikisa nchi nzima lilianza kuonekana hapa, mbali na Dar es Salaam, katika mkoa uliotangulia kwa shule za misheni na uliolipatia Kanisa Katoliki kardinali wake wa kwanza Mwafrika, Laurean Rugambwa, mwaka 1960. Waliolikana janga hilo walikuwa watu waliosoma na waliozoea hospitali, na kwa hiyo habari ya Kagera haiwezi kufungwa kwa neno ujinga.

Maelezo yaliyoenea kwanza yalikuwa ya uchawi. Ilisemekana kwamba wafanyabiashara wa upande wa Tanzania walichukua mali kwa mkopo kutoka Uganda wakakimbia bila kulipa, na waliodhulumiwa wakawatumia ugonjwa uwafuate hadi kitandani. Ng'ambo ya mpaka, katika Wilaya ya Rakai na kijiji cha wavuvi cha Kasensero, ambako ugonjwa ulianza kuonekana mwaka 1982, hadithi ilikuwa ile ile iliyopinduliwa: Waganda waliwadhulumu Watanzania, na Watanzania ndio waliowaroga. Kila ufuko ulimnyooshea kidole mchawi wa ufuko wa pili.

Hadithi hiyo ilisimama juu ya jambo la kweli, nayo ndiyo iliyoipa nguvu. Waliokufa mwanzo walikuwa kweli watu wa biashara, vijana wenye safari na fedha, kisha wake zao na wapenzi wao. Mwaka huo huo wa 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliendesha msako wa wahujumu uchumi, na wenye magendo wakaingia katika hofu na lawama. Mtu aliyetafuta sababu ya vifo aliona mali iliyopatikana kwa njia ya giza ikifuatwa na adhabu. Kilichomponyoka ni njia ambayo adhabu hiyo ilipita. Njia yenyewe ilikuwa chumba cha kulala, na huko hakuna aliyetaka kutazama.

Kutazama huko kulikuwa na gharama. Mjane aliyekiri kwamba mumewe alikufa kwa Juliana alikuwa amejitangaza mwenyewe kuwa mgonjwa. Wazazi waliokiri walijua kwamba binti zao waliobaki wangekosa wachumba. Mgonjwa aliyekiri alipaswa kutaja alikopita, na kutaja alikopita ni kuvunja nyumba zaidi ya moja. Uchawi haukudai lolote kati ya hayo. Ulimfanya marehemu aliyerogwa kuwa mtu aliyeonewa, ukawaacha ndugu zake na heshima yao, na mkosaji akabaki ng'ambo ya ziwa.

Nyuma ya heshima kulikuwa na kibanja. Shamba la migomba la Mhaya lilirithiwa ndani ya ukoo, na kwa sheria za kimila mwanamke hakuruhusiwa kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lililoibua jambo hilo mbele ya taifa lilianzia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, humo humo Muleba. Mwanamke aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake aliliuza mwaka 1988, naye mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani kupinga. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alitamka kwamba ubaguzi huo unapingana na Katiba. Shauri halikuhusu ukimwi, lakini linaonyesha jinsi mwanamke alivyokuwa hana pa kushika katika miaka ile ile wajane walipokuwa wakiongezeka kila msimu. Mjane anayesemwa kuwa amemuua mume kwa ugonjwa au kwa uchawi ni rahisi kumwondoa kibanjani. Mara nyingi ukweli unaokanwa una mtu anayenufaika na kukanwa kwake, na anayelipa bei ni mwingine.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kagera ya miaka ile iliuondolea usemi huo nguvu, kwa sababu hata kilio kilifichwa. Matanga yalifuatana kiasi kwamba watu walitoka msiba mmoja wakaingia mwingine, lakini kilichosemwa juu ya jeneza ni kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu, au alikuwa na kifua. Kifua kikuu kilikuwa kweli mwilini, ndiyo maana uongo ulikuwa mwepesi kubeba. Jirani alijua, padri alijua, mchungaji alijua, mganga wa zahanati alijua. Kila mmoja alimhifadhi mwenzake, na kwa pamoja wakawaacha vijana waliokuwa wakichumbiana bila onyo. Huruma yao ilikuwa ya kweli, nayo iliua.

Serikali ilipoanza kutangaza ugonjwa kwa jina lake, ukanaji ulibadili sura. Vijana wa mjini walizichukua herufi za AIDS wakazisoma "Acha Iniue Dogodogo Siachi". Wengine waliuita ajali kazini. Hapa hakuna aliyesema ugonjwa haupo, ila ulivuliwa uzito ili maisha yaendelee kama jana. Mtu anayeamini kwamba tayari ameambukizwa, na hana dawa wala kipimo, hupata afueni ya aina fulani katika mzaha kama huo.

Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Sweden, Japhet Killewo akiwa miongoni mwao, walipima damu za watu wazima mkoani kote. Katika Bukoba mjini asilimia 24.2 walikuwa na virusi, karibu mmoja kati ya kila wanne. Bukoba vijijini na Muleba ilikuwa asilimia 10, Karagwe 4.5, na wilaya za kusini, Ngara na Biharamulo, asilimia 0.4. Mchawi wa ng'ambo hawezi kuzigawa wilaya namna hiyo. Takwimu ziliufuata mji, biashara na barabara.

Hata hivyo, zilikanwa, na safari hii waliokana walikuwa Ulaya. Mwezi Oktoba 1993 gazeti la Sunday Times la London lilichapisha makala ndefu ya mwandishi wake wa sayansi, Neville Hodgkinson, iliyodai kwamba janga la ukimwi barani Afrika halikuwapo. Shahidi wake mkuu alitoka Kagera: mfanyakazi wa kigeni wa shirika lililosaidia yatima, aliyedai kwamba watu wa huko walikufa kwa magonjwa yale yale ya siku zote na kwamba ukimwi ulibuniwa. Jarida la kisayansi la Nature lililaumu vikali msimamo wa gazeti hilo. Hodgkinson alikuwa akifuata mawazo ya Peter Duesberg, mwanasayansi wa California aliyekataa kwamba VVU husababisha ukimwi. Miaka saba baadaye Duesberg alikaa katika jopo la ushauri la Rais Thabo Mbeki wa Afrika Kusini, ambaye serikali yake ilichelewesha dawa za kupunguza makali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba ucheleweshaji huo uligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000.

Mkulima wa Muleba aliyemlaumu mchawi alikuwa na aibu ya kuficha na hakuwa na maabara. Watu wa London na Pretoria walikuwa na maabara zote. Walichokilinda ni nafasi yao ya kuonekana wameona ambacho wengine hawajaona, na kwa upande wa Mbeki, hasira ya haki juu ya jinsi Wazungu walivyozoea kuisema Afrika. Hasira ya haki nayo inaweza kuwa mahali pa kujifichia.

Uganda ilikubali mapema kwa sababu ukweli ulimfikia mtawala mahali asipoweza kuupuuza. Mwaka 1986, katika mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote huko Harare, Fidel Castro alimweleza Yoweri Museveni kwamba kati ya askari 60 wa Uganda waliopelekwa Cuba kwa mafunzo, 18 walikuwa na virusi. Jeshi ndilo lililokuwa limemwingiza madarakani mwaka huo huo. Tanzania ilichukua muda mrefu zaidi kulisema jambo kwa uzito wake: Rais Benjamin Mkapa alitangaza ukimwi kuwa janga la taifa mwishoni mwa mwaka 1999, miaka 16 baada ya wagonjwa wa kwanza wa Kagera.

Watu wa kawaida walikuwa wametangulia. Mwaka 1989 Theresa Kaijage alianzisha WAMATA, chama cha walio katika mapambano na ukimwi, ambamo mgonjwa na ndugu zake waliweza kusema bila kufukuzwa. Dayosisi ya Kilutheri ya Kaskazini Magharibi iliwahudumia yatima kupitia mradi wake wa HUYAWA. Aldin Mutembei, aliyekusanya tungo simulizi za Kihaya kwa ajili ya utafiti wake wa uzamivu, alionyesha jinsi taswira za ugonjwa zilivyobadilika katika tungo hizo mwaka hadi mwaka. Na namba zikashuka. Bukoba mjini, kutoka asilimia 24.2 ya mwaka 1987, ilifika 18.3 mwaka 1993 na 13.3 mwaka 1996. Muleba ilitoka asilimia 10 hadi 6.8 mwaka 1996, kisha 4.3 mwaka 1999. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Vifo vyenyewe vilipunguza namba hizo, lakini si peke yake: maambukizi mapya nayo yalipungua, kabla kidonge hakijafika Kagera.

Mkoa huo umejaribiwa tena. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulizuka Bukoba, na mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, ambacho ni sehemu ya Muleba. Serikali ilitangaza jina la ugonjwa tarehe 21 Machi, na mlipuko ukaisha rasmi tarehe 2 Juni kwa wagonjwa 9 na vifo 6. Nchi ile ile ilikuwa imeacha kutoa takwimu za korona kuanzia Mei 2020, idadi ikabaki 509 kwa zaidi ya mwaka.

Januari 2025 Marburg ilirudi, sasa Biharamulo. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kuna watu 9 wanaoshukiwa kuugua na kwamba 8 kati yao wamekufa. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa shirika hilo, Tedros Ghebreyesus, alithibitisha kwamba Marburg ipo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kuisha tarehe 13 Machi, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 10, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa kwa dalili na mazingira. Wote 10 walikufa.