Merikani: wasichana walio nyuma ya kitambaa

Ebu uliza nyanya yako, ama fundi yeyote wa nguo mwenye umri, merikani ni nini. Atakuambia ni kile kitambaa cha pamba, kizito, rangi yake karibu na ya maziwa kwa sababu hakijatiwa rangi yoyote. Jina linajieleza: kilitoka Amerika. Sawa, lakini Amerika ni kubwa. Nani hasa alikuwa anakifuma?

Jibu linatupeleka jimbo la Massachusetts, kaskazini mashariki ya Marekani. Wafanyabiashara wa bandari ya Salem walikuwa wanaleta pamba iliyofumwa huko hadi Unguja, na kurudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Mwaka wa 1833 Sultan Said aliweka mkataba wa biashara na Marekani. Merikani ikashika soko mpaka ikawa kama pesa. Misafara ya kwenda bara ilibeba marobota, na ukitaka chakula njiani ulipima kwa mkono: mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Kitambaa hichohicho kilinunua pembe, na kilinunua watu pia.

Na huko Massachusetts, jiji lililojulikana zaidi kwa pamba liliitwa Lowell.

Lowell haikukua polepole kama miji mingine. Ilipangwa. Tajiri mmoja wa Boston, Francis Cabot Lowell, alikaa Uingereza kati ya 1810 na 1812, akatembelea viwanda vya pamba. Sheria ya Uingereza ilikataza mashine au michoro yake kutoka nchini, kwa hivyo jamaa akaibeba kichwani. Alipofika nyumbani, yeye na fundi Paul Moody wakaunda mtambo wao. Kufikia 1814, katika mji wa Waltham, pamba ilikuwa inaingia kiwandani ikiwa mbichi na kutoka ikiwa kitambaa, kila kitu chini ya paa moja.

Alikufa 1817. Wenzake wakatafuta mto wenye nguvu zaidi, wakapata maporomoko ya Pawtucket kwenye mto Merrimack, mahali palipokuwa mashamba tu. Vibarua kutoka Ireland wakachimba mifereji kwa sururu na baruti ili maji yazungushe mashine. Kiwanda cha kwanza kilianza kazi 1823. Mji ukapewa jina la marehemu, mtu ambaye hakuwahi kuuona. Kufikia 1850 ulikuwa na watu zaidi ya 30,000.

Sasa, wafanyakazi. Wengi walikuwa wasichana kutoka mashambani, umri kati ya miaka 15 na 30. Yaani ni nyinyi mnaosoma hapa. Walikuja kwa sababu mnazozijua: pesa yao wenyewe, kumsaidia ndugu na karo, kutoka kwa wazazi kidogo. Walilala kwenye mabweni ya kampuni, na kengele iliamua saa ya kuamka, ya kula na ya kulala. Kazi ilikuwa wastani wa saa 73 kwa wiki. Madirisha yalifungwa ili uzi usikauke na kukatika, hewa imejaa vumbi la pamba, na kelele hiyo usiseme.

Lakini hawakunyamaza. Mwaka wa 1834 kampuni zilipokata mshahara, walitoka nje. Walishindwa, wakarudi kazini. Mwaka wa 1836 gharama ya bweni ikapandishwa, wakatoka tena, wengi zaidi. Safari hii kulikuwa na mtoto wa miaka 11, Harriet Hanson. Wakubwa walipoanza kusitasita, yeye ndiye aliyetangulia mlangoni na chumba chake kikamfuata. Kufikia 1845 Sarah Bagley na wenzake walikuwa wameunda chama chao, wakakusanya maelfu ya sahihi kudai siku ya kazi iwe saa kumi. Kumbuka wanawake hawa hawakuwa na kura. Bunge la jimbo liliwasikiliza, halafu likasema si kazi yake. Sheria ya saa kumi kwa wanawake na watoto ilipita 1874, karibu miaka 30 baadaye.

Ila hapa ndipo stori inapouma. Pamba yenyewe ilitoka wapi? Kusini mwa Marekani, kwa mashamba ya watumwa. Kitambaa kingine cha bei ya chini kilirudi hukohuko kuwavisha watumwa hao, na wao wakakiita kwa jina la mji: lowell. Sisi tukakiita kwa jina la nchi. Mchumaji, mfumaji na mpagazi wa msafara waliishi mbali sana, lakini uzi ulikuwa mmoja na faida ilikuwa inaenda Boston.

Vita vya 1861 hadi 1865 vilikata pamba, na soko letu likaanza kuchukuliwa na Waingereza na Wahindi. Huko Lowell, wasichana wa mashambani walikuwa wameshachoka na mishahara inayoshuka na mashine zinazoongezwa mwendo. Wenye viwanda hawakupandisha mshahara, walitafuta watu wenye shida zaidi: Waairishi waliokimbia njaa, halafu Wafaransa wa Kanada, Wagiriki, Wapolandi, Wareno. Karne ya 20 viwanda vikahamia kusini kwenye vibarua wa bei rahisi. Wenye mji wakaenda na mtaji wao, wafanyakazi wakabaki. Leo Lowell ina jamii kubwa ya Wakambodia waliokimbia vita, na mwaka wa 2022 mmoja wao, Sokhary Chau, akawa meya.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu mwelekeo umegeuka. Tangu mpango wa AGOA wa mwaka wa 2000, wasichana wa Athi River wanashona nguo zinazouzwa Marekani. Kila kiongozi akifungua kiwanda tunaambiwa idadi ya kazi tu. Uliza pia saa ngapi, mshahara gani, na nini kitatokea siku atakapopatikana mtu wa bei rahisi zaidi.

Halafu andikeni. Tunajua jina la Harriet Hanson kwa sababu aliandika kitabu kuhusu maisha yake kiwandani. Kicomi ya Kisumu ilivisha nchi hii. Je, unaweza kunitajia mfumaji wake mmoja? Kama mama yako au shangazi yako alifanya kazi kiwandani, keti naye umrekodi kabla stori haijaenda naye.